“Kama Nilivyoupokea” Si Kinga ya Dhamiri



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunapenda kusema bila kuzunguka juu ya sentensi moja fupi ambayo imegeuka kuwa maji ya Pilato katika zama zetu. Sentensi hiyo huwekwa juu au chini ya habari yoyote iliyookotwa mtandaoni: “Nimeutuma kama nilivyoupokea.” Aliyeiandika hujiona amekwisha nawa mikono. Habari ikionekana kuwa ya kweli, shukrani ni zake. Ikionekana kuwa ya uongo, lawama ni za mtu mwingine, aliye mbali, asiye na jina wala sura. Sisi tunasema wazi kwamba sentensi hiyo haimwondolei Mkristo wajibu wake hata kidogo. Tena tunasema kwamba mazoea yaliyojengwa juu yake yanamwumiza jirani, yanadhoofisha imani, na yanamharibu yeye mwenyewe anayesambaza.

Kwanza tutende haki. Hatusemi kwamba kushirikishana mema tuliyoyapata ni kosa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica, tarehe 4 Desemba 1963, ukavipokea vyombo hivyo kama zawadi inayopaswa kutumiwa vema. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2002, aliutazama mtandao wa intaneti kama uwanja mpya wa kuitangaza Injili. Papa Benedikto XVI mwaka 2010 aliwahimiza mapadre wenyewe waingie katika ulimwengu huo wakiwa na Neno la Mungu. Na Bwana wetu, katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo, anamfananisha mwandishi aliye mwanafunzi wa Ufalme na mwenye nyumba ambaye huchota katika akiba yake vilivyo vipya na vilivyo vya zamani. Kwa hiyo kuokota na kugawa ni kazi njema. Lakini mwenye nyumba yule anajua kilichomo katika akiba yake. Ugomvi wetu ni na mtu anayegawa mzigo ambao hajaufungua.

Watetezi wa mazoea haya wana hoja tatu, nasi tutazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: “Mimi si mwandishi, ni mpitishaji tu.” Ndugu, anayenunua mali ya wizi na kuiuza mtaa wa pili hawezi kujitetea kwamba si yeye aliyevunja mlango. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2477, inataja makosa matatu dhidi ya heshima ya jirani: kumhukumu pasipo msingi wa kutosha, kufichua makosa yake kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kumsingizia kwa maneno yaliyo kinyume na kweli. Tazameni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalomhitaji mtu awe mtunzi wa kwanza wa habari. Tazameni pia kosa la pili: hata habari iliyo ya kweli yaweza kuwa dhambi kuitawanya, kama wanaopelekewa hawana haki wala haja ya kuijua. Barua ya binafsi, picha ya binti aliyedhulumiwa, taarifa ya ugonjwa wa mtu: hayo hayahalalishwi na ukweli wake. Na wale wanaopenda kutuambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, tunawajibu kwamba methali si Amri ya Mungu. Lisemwalo mara nyingi halipo. Laja kwa sababu sisi ndio tunaolileta.

Hapa hatuna budi kugusa jambo linalotuumiza sana, nalo ni picha za maiti. Ajali inatokea barabarani, na kabla ya mama kujua kwamba mwanawe amefariki, mwili wa mwanawe umekwisha onekana katika simu za watu wasiomjua. Mwili huo ulibatizwa, ukapakwa mafuta ya Krisma, ukapokea Ekaristi. Kanisa huunyunyizia maji ya baraka na kuufukizia ubani. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kuutembeza kama tangazo? Kuandika chini yake “tuwaombee marehemu” hakuufuniki utupu wake. Anayetaka kumwombea marehemu apige magoti, picha haihitajiki.

Hoja ya pili: “Nia yangu ni njema, nataka kuwajenga watu kiimani.” Hoja hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu inavaa joho la utakatifu. Mwezi Machi 2023 ilizunguka dunia nzima picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti jeupe la kifahari. Koti hilo halikuwapo, picha ilitengenezwa kwa akili mnemba. Mwezi Mei 2025, majuma machache tu baada ya Papa Leo XIV kuchaguliwa tarehe 8 ya mwezi huo, ilisambaa video ndefu iliyodai kwamba Baba Mtakatifu anamhutubia kiongozi wa Burkina Faso, Kapteni Ibrahim Traoré. Wengi barani Afrika waliipokea kwa furaha, maana ilisema waliyopenda kuyasikia. Ilikuwa ya kughushi, na vyombo vya habari vya Vatikano vililazimika kutoa onyo. Papa huyo huyo, tarehe 10 Mei 2025, alikuwa amewaeleza Makardinali kwamba alichagua jina la Leo akimkumbuka Leo XIII, aliyeandika juu ya wafanyakazi katika Rerum Novarum mwaka 1891, na kwamba akili mnemba ni miongoni mwa changamoto mpya kwa hadhi ya binadamu. Maneno yake ya kweli yalipatikana bure, nasi tukakimbilia ya bandia!

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu umeletwa na simu. Ile sala mashuhuri ya kuomba kufanywa chombo cha amani, ambayo karibu kila kitabu cha sala huiita ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, haimo katika maandishi yake. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1912, katika jarida dogo, bila jina la mtunzi. Sala ni nzuri, na tuendelee kuisali. Lakini mfano huo unaonyesha jinsi kosa linavyogeuka kuwa “mapokeo” pale ambapo kila mtu anapokea na kupitisha, na hakuna anayeuliza.

Katika hoja hii ya pili tunaingiza pia zile sala za mnyororo: “Watumie watu kumi na wawili kabla ya usiku wa manane, utapata muujiza, ukiupuuza, utapatwa na msiba.” Hiyo si sala. Katekisimu, kifungu cha 2111, inaiita ushirikina ile tabia ya kuyapa matendo ya nje nguvu yake yenyewe, pasipo kujali moyo wa ndani. Kuweka jina la Mama Bikira Maria juu ya tishio hakulibatizi tishio. Mkristo anayeitupa hirizi ya mganga kisha akaogopa kuufuta ujumbe wa namna hiyo bado hajaitupa hirizi yake, ameihamishia mfukoni.

Na gharama yake ni nini? Gharama yake ni ushahidi wetu. Watoto wetu wanajua kuchunguza mambo haya kuliko sisi. Leo mzazi anamtumia mwanawe kauli ya Papa ambayo mtoto anagundua kwa dakika mbili kwamba ni ya kughushi. Kesho anampelekea muujiza uliotungwa. Kesho kutwa mzazi huyo huyo anamwambia kwamba Kristo amefufuka kweli kweli. Kwa nini mtoto amwamini? Kinywa kilichozoea kupitisha chochote hupoteza uzito hata kinapobeba Habari Njema. Hili ndilo linalotukosesha usingizi.

Hoja ya tatu: “Ni jambo dogo tu.” Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra huko India, wanaume watano wapitaji waliuawa na umati wa watu kwa sababu ya uvumi, uliosambazwa kwa simu, kwamba wezi wa watoto wamezagaa. Karibu nasi zaidi, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, ujumbe mfupi wa simu uliojaa chuki ulikuwa ukipita kutoka mkono hadi mkono. Hao waliopitisha hawakushika panga. Walibonyeza tu. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote, ujumbe mmoja usiweze kusambazwa kwa watu au makundi zaidi ya matano kwa mara moja. Ni aibu kwetu, ndugu, kwamba kampuni ya biashara ilibidi ifunge vidole vya watu ambao dhamiri zao zilipaswa kuvizuia.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ina adhabu kwa anayechapisha habari za uongo. Hatuitaji ili kuwatisha. Mkristo anayesema kweli kwa kuogopa polisi tu, siku polisi akilala atasema uongo. Tunayo Amri ya Nane, iliyo ya zamani zaidi na isiyolala.

Tuwaangalie basi waliofanya vema. Mtakatifu Luka anapoanza Injili yake anamweleza Theofilo jinsi alivyofanya kazi: aliwategemea mashahidi walioona, akachunguza, ndipo akaandika kwa utaratibu. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, wanasifiwa kwa sababu waliyapima katika Maandiko hata mahubiri ya Paulo. Kama Paulo alipimwa, ni nani asiyepimwa? Na katika siku zetu tunaye Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15 tu, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alitumia kompyuta yake kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi, akiwaomba wazazi wake wampeleke kwenye baadhi ya mahali ilipotokea, kisha akaipanga kwa mahali na historia yake ili kila mtu aweze kuifuatilia. Huyo naye aliokota na kugawa. Lakini aliandika jina la kila alichookota.

Tunaomba basi kila mwanajumuiya, kila mwanakwaya, WAWATA na VIWAWA, na sisi mapadre tunaopenda kutia visa vitamu katika mahubiri, tujiulize maswali manne kabla ya kutuma: Nani amesema? Nimelisoma lote? Je, litamjenga anayelipokea, au litamvunja anayetajwa? Na je, niko tayari kuweka jina langu chini yake? Jibu la swali moja likikosekana, tuliache. Anayesema hana muda wa kuhakiki, basi hana muda wa kutuma. Na aliyekwisha tuma uongo, arudi katika kundi lile lile alilolitumia, aseme mbele ya wote kwamba habari ile si kweli. Malipizi ya dhambi ya hadhara hayafanyiki chumbani.

Juma hili, ndugu, tuifute ile sentensi katika simu zetu. Mahali pake tuandike: “Nimelichunguza, nami nalishuhudia.” Tusipoweza kuandika hivyo, tunyamaze.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu