Drafti ya NFL: Kinda wa mechi chache ni kamari

Msikilizaji, kila mwaka timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Uchaguzi huo huitwa drafti. Una raundi 7, na kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulia.

Wa kuogopwa mapema ni kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ambaye hajacheza vya kutosha chuoni.

Mwaka 2021 San Francisco 49ers walimtaka Trey Lance wa North Dakota State. Ili wapate nafasi ya 3, waliipa Miami Dolphins nafasi 3 za raundi ya kwanza na 1 ya raundi ya 3. Lance alikuwa na mbio na mkono wenye nguvu, ila chuoni alikuwa ameanza mechi 17 tu. San Francisco alianza mechi 4, akavunjika kifundo cha mguu, na 2023 akapelekwa Dallas Cowboys kwa nafasi 1 ya raundi ya 4.

Mwaka 2022 timu hiyohiyo ilimchukua Brock Purdy, wa mwisho kabisa, namba 262. Yeye alikuwa amecheza misimu 4 Iowa State. Februari 2024 aliifikisha timu fainali, Super Bowl, ingawa walishindwa na Kansas City Chiefs.

Wapo wanaofaulu. Cam Newton alicheza msimu 1 Auburn, na 2015 akawa mchezaji bora wa ligi. Lakini timu ikikosea hivi, haimkosi mmoja tu. Inawakosa pia wale ambao nafasi ilizotoa zingewaleta.