Mwacheni Ashike Ufagio

Mama mdogo wangu alimaliza mionzi Dar es Salaam akarudi nyumbani Tanga kwa miguu yake, begi kalishika mwenyewe. Miezi miwili baadaye alikuwa hawezi kuinuka kwenye kigoda mpaka avutwe mkono. Vipimo vyake vilikuwa safi. Kansa haikumlaza, tulimlaza sisi. Kila mgeni aliyebisha hodi alikuja na papai mkononi na katazo mdomoni: usifagie, usibebe, hiki usile. Naye alitii yote, maana anayekatazwa kwa mapenzi hana pa kubishia.

Tangu hapo makatazo yale nimeyasikia katika nyumba nyingine, karibu neno kwa neno. Nayajibu moja moja.

1. "Katoka kwenye tiba nzito, apumzike."

Kupumzika kuna siku zake: siku za mwanzo baada ya upasuaji, siku ambazo dripu za dawa ya kansa zimemchapa, siku za homa. Kosa letu ni kuzigeuza siku hizo kuwa maisha. Uchovu wa kansa si ule wa mkulima aliyerudi shambani, ambao usingizi wa usiku mmoja huumaliza. Huyu hulala saa kumi nzima akaamka kachoka vilevile. Na kitanda humzidishia, kwa sababu msuli usiotumika husinyaa. Ukisinyaa, hata kazi ndogo huwa nzito, na kazi ikiwa nzito mtu hurudi kitandani.

Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani liliwaambia waliopitia kansa waepuke kukaa bure. Mapendekezo ya jopo lililofuata, yaliyochapishwa 2019, yalitaja na kipimo: dakika 30 za mazoezi ya kuchangamsha pumzi, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Kiasi hicho hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Kuchangamsha pumzi maana yake unatembea ukiweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Hilo halihitaji ukumbi wa mazoezi. Njia ya kwenda gengeni inatosha. Asiyeziweza dakika 30 aanze na 5 asubuhi na 5 jioni, aongeze kidogo kidogo.

2. "Mazoezi ni ya kuchangamsha mwili tu, kansa yenyewe hayaigusi."

Kwa muda mrefu hoja hii ilikuwa ngumu kujibu, maana tafiti nyingi zilikuwa za kuchunguza tu: huenda wanaotembea sana ndio waliokuwa wazima tangu mwanzo. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa CHALLENGE. Wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mpana, wengi wao kutoka Kanada na Australia, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kupewa dripu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa vitabu vya ushauri wa afya. Jingine lilipewa mwalimu wa kulisimamia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi walikuwa takriban asilimia 90. Katika kundi la vitabu, asilimia 83.

Hiyo ni kansa ya utumbo mpana, tena iliyokwisha kutibiwa. Anayesema kutembea kunaponya kila kansa anaongopa, na anayemtembeza mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali anamwua. Lakini kusema mazoezi hayana uzito wowote mbele ya kansa, hilo nalo halisemeki tena.

3. "Aliyekatwa titi asinyanyue kitu kwa mkono ule maisha yake yote."

Katazo hili lina mzizi wa kweli. Tezi za kwapa zikitolewa au kupigwa mionzi, majimaji ya mwilini hukosa pa kupitia, na mkono unaweza kuvimba ukabaki hivyo. Zamani hata madaktari walikataza. Kisha Kathryn Schmitz na wenzake wa Philadelphia wakalijaribu katazo lenyewe. Walichukua wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imevimba tayari, nusu yao wakawanyanyulisha vyuma mara 2 kwa wiki, kwa uzito ulioongezwa pole pole na wakiwa wamevaa soksi maalumu ya kubana mkono. Matokeo yalitoka 2009: uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wasionyanyua, mikono ilipata nguvu, na vipindi vya uvimbe kuchachamaa vilikuwa vichache zaidi. Wa kuogopesha ni mzigo wa ghafla. Mkono uliolala mwaka mzima, siku ya harusi ukabebeshwa sufuria la pilau, utalalamika.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemwona mama mdogo alimpa zoezi la ukutani. Anaukabili ukuta, vidole vinaupanda kama mjusi mpaka pale maumivu yanaposema basi, anahesabu hadi kumi, vinashuka. Mjukuu wake alichora mstari wa mkaa pale vilipofikia. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu cha mama mdogo.

4. "Sukari ndiyo chakula cha kansa. Aache wali, ugali, hata matunda."

Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, aligundua kwamba chembe za kansa hufakamia glukosi kuliko chembe za kawaida. Hilo ni kweli, na kipo kipimo cha picha kinachotumia tabia hiyo kuisaka kansa mwilini. Lakini ubongo nao unakula glukosi, na damu haikubali kukosa glukosi. Mtu akinyimwa wanga, na vyakula vingine navyo vikampungukia, ini hutengeneza glukosi hiyo kwa kuumega msuli wake. Anayeishiwa ni mgonjwa.

Soda na juisi za kununua zipunguzwe kwa kila mtu, na mwenye kisukari afuate kliniki yake. Lakini aliyepungua kilo kumi kisha akanyimwa uji kwa jina la kuinyima kansa, huyo anafungishwa saumu isiyo na daku.

5. "Nyama, mayai na maziwa huirudisha kansa."

Kuhusu nyama nyekundu kuna neno: Mfuko wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani unashauri isizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki, na soseji na nyama nyingine za kusindikwa zisionekane sana mezani. Hayo hayafanyi yai kuwa sumu. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanataka mgonjwa wa kansa apate zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mtu wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 60. Tuzitafute jikoni: mayai mawili, 12, glasi ya maziwa, 8, kikombe cha maharage yaliyoiva, 15, kipande cha samaki cha gramu 100, 20, kiganja cha karanga, 7. Tumefika 62. Samaki akikosekana, dagaa wakavu waliotwangwa hukorogwa kwenye uji au mchuzi. Asiyeweza sahani moja kubwa apewe visahani sita. Mwenye figo mbovu aulize kwanza.

6. "Anywe majani ya mstafeli na vidonge vya lishe, vimalize masalia."

Katika visiwa vya Guadeloupe, wanakotumia sana matunda na majani ya jamii ya stafeli, madaktari waliandika mwaka 1999 juu ya maradhi ya kutetemeka na kukakamaa yaliyohusishwa na ulaji huo. Kuhusu vidonge: Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini wakitumaini kuwakinga na kansa ya mapafu. Matokeo ya 1994 yakaonyesha waliokunywa waliugua zaidi. Karoti haikuwa na kosa. Karoti haiji kwenye chupa yenye bei ya trei kadhaa za mayai. Upungufu uliopimwa utibiwe, na kila kinachonywewa atajiwe daktari.

7. "Kanenepa, basi kapona."

Si lazima. Wanawake wengi huongezeka uzito baada ya tiba ya kansa ya titi, na mara nyingi linaloongezeka ni mafuta huku msuli ukipungua. Mizani haitofautishi. Kigoda kinatofautisha: je, anainuka bila kushika kitu?

Pa kukataza papo. Kansa iliyofika mifupani, nyayo zilizokufa ganzi, damu iliyopungua sana, homa, kifua kinachobana, uvimbe mpya: hapo mazoezi yasubiri neno la daktari. Wapo na ambao dawa zenyewe zimewadhuru moyo, hao wapangiwe. Katazo la namna hiyo lina sababu na lina mwisho. Yetu hayakuwa na mwisho. Siku tulipompeleka mama mdogo kliniki, yule mtaalamu wa mazoezi hakumwuliza anaumwa wapi. Alitugeukia sisi: "Kwenu nani anafagia?" Tukatazamana.

Kabla ya Idi nyumba yake ilipakwa chokaa. Fundi alipofika kwenye mistari ya mkaa aliambiwa airuke; wa juu kabisa umekwisha kuupita mtambaapanya wa mlango. Nilipoingia asubuhi ya Idi nilimkuta uani, kainama, ufagio wa chelewa mkononi. Nikampa shikamoo, nikavuta kigoda, nikakaa.