Mafuta ya Taifa na Maji ya Mji

Wako watu wadhanio kwamba mali ikitoka mikononi mwa kampuni ya kigeni na kuingia mikononi mwa taifa, basi kazi imekwisha, na wananchi hawana la kufanya ila kungoja mgawo wao. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo. Tungependa kuwaeleza wanachama na wafanyakazi habari za mji mmoja wa mbali uliolijaribu jambo hilo kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na kulilipia kwa jasho na kwa damu.

Mji huo ni Barrancabermeja, katika nchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini. Umejengwa ukingoni mwa mto Magdalena, mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,500, na maana ya jina lake ni kingo nyekundu. Ni nchi ya joto kali, ya mabwawa, samaki na mbu. Mwaka 1905 serikali ya Kolombia ilimpa bwana mmoja, Roberto de Mares, hati ya kuchimba mafuta katika sehemu hizo. Hati ile ikaangukia mikononi mwa Wamarekani wa Tropical Oil Company, na mwaka 1918 kisima cha Infantas kikatoa mafuta. Haukupita muda, kampuni hiyo ikawa chini ya Standard Oil ya New Jersey. Mwaka 1922 kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi, na mwaka huo huo Barrancabermeja ikapewa halmashauri yake. Kiwanda na mji, basi, ni pacha.

Lakini pacha hao hawakulelewa sawasawa. Kampuni ilizungusha wavu wa waya. Ndani ya wavu zilikuwa nyumba za wakubwa kutoka Marekani, na bustani zake, na maji safi. Nje ya wavu yalikuwa makazi ya watu waliotoka kila upande wa nchi kutafuta kazi, wakalala katika vibanda na kuugua malaria. Mwaka 1923 wafanyakazi waliunda chama chao kwa siri. Chama hicho ndicho kinachojulikana mpaka leo kwa jina la USO. Kiongozi wao, Raúl Eduardo Mahecha, alikuwa na mtambo wa kupiga chapa, akitoa gazeti la wafanyakazi liitwalo Vanguardia Obrera. Jambo ambalo sisi wa kazi hii hatuwezi kulipita bila kulitaja. Mwaka 1924 waligoma, wakidai ujira, chakula kinachofaa na mahali pa kulala. Jibu walilopata ni kufukuzwa kwa wingi, na Mahecha akatiwa gerezani. Mwaka 1927 waligoma tena. Bibi María Cano, msemaji hodari wa wafanyakazi wa nchi ile, alifika kuwatia moyo, na mgomo ukazimwa kwa risasi.

Tunaomba msomaji alitazame kwa makini lililofuata. Hati ya kampuni ilikuwa na mwisho wake, na mwisho ulipokaribia kampuni ilianza kupunguza watu. Mwanzoni mwa mwaka 1948 wafanyakazi wa USO waligoma kwa wiki kadhaa. Safari hii hawakudai ujira peke yake. Walidai pia kwamba hati ikiisha isiongezwe hata siku moja, bali mafuta yarudi kwa taifa. Tarehe 9 Aprili mwaka ule ule, mwanasiasa Jorge Eliécer Gaitán alipouawa katika mji mkuu wa Bogotá, watu wa Barrancabermeja waliushika mji wao na kuuendesha wenyewe kwa siku kumi hivi, Rafael Rangel akiwa meya wao. Na tarehe 25 Agosti 1951 visima vilirudishwa kwa serikali, ikaanzishwa kampuni ya taifa iitwayo Ecopetrol. Wala wakubwa wa Bogotá wasijisifu kwamba hiyo ilikuwa hekima yao peke yao. Madai yale yalitoka katika midomo ya watu wenye mikono michafu ya mafuta.

Hata hivyo kiwanda chenyewe kilikodishwa kwa wenyeji wake wa zamani, na Ecopetrol haikukiendesha mpaka mwaka 1961. Kwa miaka kumi taifa lilikuwa na kisima, na mgeni alikuwa na chungu. Sisi tuliopata kuona bendera zikipandishwa huku funguo za ghala zikibaki mfukoni mwa mwingine hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Je, funguo zilipopatikana mji ulipata nini? Ulipata kazi zenye ujira mzuri kwa wale waliokuwa na bahati ya kuandikwa. Ulipata shule na maduka na watu wengi. Maji haukupata. Mji ulio kando ya mto mkuu wa nchi ile, wenye kiwanda kikubwa kuliko vyote cha mafuta, ulilazimika kugoma mwaka 1975, mji mzima, kwa sababu maji ya mifereji hayakufaa kunywewa. Safari hii aliyegomewa hakuwa Mmarekani. Ilikuwa serikali ya nchi yenyewe. Tunawapa heshima watu wa USO, kwa kuwa hawakusema, "Sisi ndani ya wavu tunayo maji." Walitoka wakasimama na watu wa mitaani. Akina mama nao, waliojiunga tangu mwaka 1972 katika chama chao cha Organización Femenina Popular, walifungua majiko ya pamoja ili watoto wa maskini wapate kula.

Umoja wa namna hiyo una maadui. Mwaka 1988 Manuel Gustavo Chacón, kiongozi wa USO aliyependwa sana na watu, mpiga filimbi na mtunga mashairi, alipigwa risasi akafa. Tarehe 16 Mei 1998 watu wenye silaha, wa majeshi ya kibinafsi, waliingia mitaani usiku, wakaua watu 7 na kuchukua wengine 25. Jamaa zao walibaki miaka na miaka wakiuliza maiti ziko wapi. Hatuwezi kuandika habari za uchumi wa mji ule tukaruka makaburi hayo.

Leo kiwanda kina uwezo wa kusafisha mapipa 250,000 hivi kwa siku. Serikali bado inazo hisa zaidi ya 88 katika kila 100 za Ecopetrol, maana nyingine ziliuzwa kwa watu binafsi kuanzia mwaka 2007. Lakini wavu haukuondoka, umebadili mahali tu. Siku hizi unapita kati ya mwajiriwa wa kampuni, mwenye mkataba uliotetewa na chama chake, na kibarua wa mkandarasi ambaye kazi yake ni ya miezi michache. Wote wawili hufunga bomba lile lile kwa spana ile ile. Tena yuko mvuvi, ambaye hakuandikwa na yeyote. Mwezi Machi 2018 mafuta yalipofumka kutoka ardhini karibu na kisima cha Lizama 158, yakatiririka katika vijito mpaka mto Sogamoso, yeye ndiye aliyekuta samaki wanaelea.

Tumeyasimulia haya kwa sababu sisi pia tumo katika njia hiyo. Uganda iligundua mafuta yake kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kuyapeleka baharini, lenye urefu wa kilomita 1,443, linatoka Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Katika kampuni ya bomba hilo TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa 62 katika kila 100, shirika la Tanzania 15, la Uganda 15, na Wachina wa CNOOC 8. Hatusemi kwamba bomba ni baya. Tunasema kwamba hizo 15 ni za taifa, na Chongoleani ni mahali penye watu.

Kujenga bomba kwahitaji maelfu ya mikono. Kulilinda kwahitaji wachache sana. Basi vyama vya wafanyakazi visiridhike kuwasemea wale wachache wenye beji za kudumu. Viwaandikishe vibarua wa wakandarasi, hata yule wa miezi mitatu, na madai yao yawekwe katika karatasi moja na ya wengine. Wavuvi wa Chongoleani wapewe kiti katika kila kikao kinachozungumzia bahari, kabla tone halijamwagika. Na mashirika yetu mawili yatangaze hadharani, kila mwaka, fedha zilizotokana na hisa zetu, na ni kiasi gani cha fedha hizo kilichokwenda kwenye maji, zahanati na shule za vijiji ambamo bomba linapita. Taarifa hiyo isiishie katika meza za Dar es Salaam na Kampala. Isomwe mikutanoni, kijiji kwa kijiji, na wananchi waruhusiwe kuuliza.