Mnamwambia Mtoto Nyamaza, Kisha Mnataka Aandike

Leo sina mapishi wala mapambo ya bi harusi. Leo nina ugomvi, na naanza kwa kujigombeza mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Ndoa ndiyo iliyonileta Nyarugusu, mkoa wa Geita, kwenye mji wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huku alfajiri ina adhana, kisha ina makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Nauza kanga na mitandio sokoni, na nimeshawazoea watu na vumbi lao.

Binti yangu yuko darasa la nne. Siku moja alirudi skuli na insha, "Siku Nisiyoisahau". Mistari mitano. Wamekwenda mbugani kwa gari la baba, wameona simba, wamerudi nyumbani kwa furaha. Sisi gari hatuna, na mbuga hatujaitia mguu. Nikaja kujua kuwa wenzake wengi wameandika simba huyo huyo. Nikamkemea, nikamwambia baba yake tutafute mwalimu wa tuisheni.

Jioni ile ile nikamsikia uani anamhadithia mtoto wa jirani namna maji ya mvua yalivyoingia kwenye duara wiki iliyopita. Baba mmoja alivyopandishwa kwa kamba, viatu vyake vilivyobaki chini, mkewe alivyokaa juu ya kiroba cha mawe asilie mpaka alipomwona uso. Hadithi ina mwanzo, ina kati, ina mwisho. Mwenzake kasahau hata embe alilolishika mkononi. Ile ndiyo ilikuwa insha! Na wiki nzima alikuwa akitaka kunihadithia mimi, nami namjibu, "Nyamaza kidogo, nahesabu pesa."

Basi nitasema, na atakayenuna anune. Watoto wetu wengi hawashindwi kuandika kwa sababu hawana akili, wala kwa sababu ni watoto wa mgodini. Wanashindwa kwa sababu nyumbani hawana wa kumhadithia. Kuandika ni kusema na mtu asiyekuwepo. Atasemaje na asiyekuwepo, na aliyekuwepo hajawahi kumsikiliza?

Msiniambie hiyo ni kazi ya skuli. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wameingia kwa wingi, alhamdulillah, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa atamsikiliza nani amwache nani? Na mtihani wa darasa la saba, maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu sahihi kati ya yaliyokwishaandikwa. Mtoto anaweza kufaulu bila ya kutunga ukurasa mmoja wa maneno yake. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na anatakiwa ajieleze kwa lugha ya ugenini wakati hata kwa lugha ya mama yake hajapewa nafasi ya kujieleza.

Najua jibu lenu: "Mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa." Jamani, adabu ni kujua useme nini, lini na kwa sauti gani. Hayo mtu huyajua kwa kusema na kurekebishwa. Aliyefungwa mdomo hajafunzwa adabu, amefunzwa woga. Katika Surat Luqman, baba anazungumza na mwanawe, na mara tatu anamwita kwa lile neno la mapenzi, "ewe mwanangu mdogo". Anamfundisha mambo mazito kwa mfano wa punje ya hardali iliyojificha ndani ya jabali, kwamba Mwenyezi Mungu ataileta. Mtoto wa Nyarugusu hahitaji kuelezwa kitu kidogo ndani ya jiwe ni nini. Kila siku anaona watu wazima wakiponda miamba kutafuta punje. Sisi wenye punje ndani ya nyumba zetu hatuna hata dakika ya kuitafuta.

Na nyinyi bi harusi, makungwi wanawatajia sana Mwana Kupona binti Mshamu, yule bibi wa Pate aliyemuusia bintiye mwaka 1858. Mnaambiwa alivyosema juu ya mume na nyumba. Mwanzo wake mnauruka. Mama yule mgonjwa alimwita bintiye akae karibu, aje na wino na karatasi, kwa sababu moyoni ana maneno. Mama na mtoto wamekaa pamoja, mazungumzo yanateremka kwenye karatasi. Hiyo ndiyo mila yetu. Tumeshika udi na singo, karatasi tumeitupa.

Mtu atasema insha ni jambo dogo. Huku si dogo. Makubaliano mengi ya mgao wa mawe ni ya mdomo, na siku dhahabu ikitoka, maneno hugeuka. Kijana asiyeweza kuandika kwa mpangilio nani alikuwepo, nini kilisemwa na lini, haki yake humponyoka anaiona.

Na liko kubwa kuliko mali. Tunawatuma mabinti na sinia za karanga na vitumbua mpaka kwenye maduara, kwenye wanaume wengi wasiowajua. Mtoto uliyemnyamazisha alipotaka kukuhadithia viatu vilivyobaki shimoni hatakuja kukwambia kuna mtu amemshika mkono. Ameshajua kuwa mama hana nafasi. Hilo linanikosesha usingizi kuliko alama za insha.

"Lakini sisi tunaponda mawe mpaka magharibi, muda tutautoa wapi?" Shoga yangu, mazungumzo hayataki kiti. Unachagua mchele, anachagua nawe. Mnakwenda kuteka maji, njia ni yenu. Na mama asiyejua kusoma hana udhuru, kwa sababu masikio hayahitaji cheti. Kama nyumbani ni Kisukuma, zungumzeni Kisukuma. Mtoto anayejua kupanga kisa kwa Kisukuma atakipanga na kwa Kiswahili.

Acheni kuuliza "Skuli vipi?" Jibu lake ni "nzuri", na hapo mlango umefungwa. Muulize nani amechekesha watu leo. Ilianzaje? Ukasikia nini? Kisha? Akisema "ilikuwa inatisha", muulize kilichomtisha ni kipi. Akikosea neno, mwache amalize kwanza, kosa halikimbii. Usiku rudisheni "paukwa" na "pakawa", ila awamu moja atoe yeye, na wewe uitike. Kisha mwambie, "Haya, lile la jana liandike, bibi yako naye alisikie." Asiyeweza kuandika bado, na aseme, mkubwa aandike, halafu asomewe maneno yake. Simu iwe chini wakati huo, ya mama na ya baba.

Pesa za tuisheni sikuzitoa. Nilimwomba binti yangu anihadithie tena habari ya duara, mwanzo mpaka mwisho, mie nimekaa kitako. Kisha akamwandikia bibi yake Unguja. Ukurasa mmoja na nusu, makosa ya tahajia tele, simba hayumo. Nikaupiga picha, nikautuma kwa WhatsApp.

Mama yangu akajibu kwa sauti. Hakuuliza mjukuu amekuwa wa ngapi darasani. Aliuliza, "Na vile viatu, vilipatikana?"

Binti yangu amekaa anaandika jibu. Nawaacha, naye ananisubiri nimsikilize. Wabillahi tawfiq.