Hatua 70 si Mita 70

Katika mikataba mingi ya kuuziana mashamba vijijini Tanzania, ekari moja huelezwa kuwa ni hatua 70 kwa hatua 70. Wako sasa wanaoandika mita 70 kwa mita 70, wakiamini kwamba wameisafisha lugha ya mkataba ili ifanane na ya wataalamu. Neno limebadilika, tarakimu imebaki pale pale, na shamba limenenepa. Sisi tunaohesabu mizani hadi silabi ya mwisho, tukamkosoa mtunzi aliyezidisha moja, tunaipita sentensi hiyo bila kushtuka.

Hesabu yenyewe ni hii. Ekari ni yadi za mraba 4,840, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Shamba la mraba lenye ekari moja lina upande wa yadi 69.6, sawa na mita 63.6. Mtu mzima akizinyoosha hatua zake, kila moja hukaribia yadi, kwa hiyo hatua 70 kwa 70 ni kadirio jema kabisa. Mita 70 kwa 70, kwa upande wake, ni mita za mraba 4,900. Ziada ni mita za mraba 853, kubwa kuliko kiwanja cha mita 20 kwa 40. Auzaye ekari tano kwa kipimo hicho ametoa zaidi ya sita, na siku mpima ardhi atakapofika na vyombo vyake, majirani watagombania ardhi ambayo hakuna aliyeiiba.

Lugha yetu haikupungukiwa na vipimo. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Ngazi nzima hupanda kwa mbili mbili. Udhaifu wake unajulikana, kwamba mikono ya watu hailingani. Lakini maneno hayo yalitangaza waziwazi kuwa yametoka mwilini, na mnunuzi alijua kuuliza: mkono wa nani? Hatua nayo humtaka mtu aulize vivyo hivyo. Mita haimtaki aulize chochote, na hapo ndipo hatari ilipo inapoandikwa na mtu ambaye hakuvuta kamba.

Neno jingine linalotuponza ni umbali. Mtu apandaye shambani mwake Usambara au Uluguru huhesabu umbali wa nyayo, ule unaofuata mgongo wa mlima. Ramani haiutambui, huchora umbali wa mlalo, kana kwamba ardhi yote ni sakafu. Enzi za mnyororo wa Edmund Gunter, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1620, wenye futi 66 na pete 100, wapimaji waliofika kwenye mteremko waliunyoosha hewani kwa vipande vifupi vifupi, wakashusha timazi kuitafuta nukta ya chini. (Minyororo 10 ya mraba ndiyo ekari, ndiyo maana ekari ina tarakimu za ajabu namna ile.) Vyombo vya leo hupima mshazari pamoja na pembe, kisha hukokotoa mlalo vyenyewe.

Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kamba ya mita 70 iliyolazwa juu ya majani huwa mita 60.6 tu kwenye ramani. Mkulima asomaye tarakimu hiyo katika hati yake huona amepunjwa karibu mita kumi. Hakupunjwa, ila hakuna aliyempa maneno mawili ya kutofautisha mambo mawili. Maneno yenyewe yapo katika jiometria ya shuleni: umbali wa mshazari na umbali wa mlalo. Sioni sababu ya kuyaacha darasani.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya wapimaji, si ya watu wa lugha. Mbona mkataba wa kijiji huandikwa na mwenye mwandiko mzuri, naye huyafuata maneno aliyoyakuta? Akiandika hatua, basi aandike ni za nani, na zilipigwa tambarare au mlimani. Akiandika mita, kamba ivutwe kwanza. Na kama wanachouziana ni ekari moja ya mraba, upande ni mita 63.6.