Dansi ya Jenerali

Prabowo Subianto wa Indonesia aliachishwa jeshi mwaka 1998 kwa kuhusishwa na utekaji nyara wa wanaharakati. Aligombea urais mwaka 2014 na 2019, kwa sauti ya ukali, asifanikiwe. Mwaka 2024, mwenye umri wa miaka 72, alionekana katika video fupi za TikTok akicheza dansi. Vijana wakamwita gemoy, yaani wa kupendeza. Akapata zaidi ya asilimia 58 ya kura.

Video hazikusema uongo: mzee alicheza kweli. Lakini nanyi askari mwajua kwamba faili la utumishi halichezi ngoma. Vijana wengi walikuwa wachanga mwaka ule wa 1998, au hawajazaliwa. Jamaa za waliotoweka husimama kila Alhamisi tangu 2007, wenye miavuli myeusi, mbele ya Ikulu ya Jakarta.