Digrii ya wasimamizi wa mifumo isiishie ubaoni

Unakumbuka Julai 2023? Unafungua eCitizen, ukurasa unagoma. Wengine hata tiketi ya SGR walikwama. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililoshambulia. Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini jiulize: wale wanaokesha kurudisha mitambo siku kama hiyo, walifunzwa wapi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinilemea, lakini pia nilichoka. Tulikariri tabaka saba za mtandao muhula mzima, na seva tukaiona kwa picha tu. Kurejesha bakapu nilijifunzia saiba ya mtaani, siku diski ilipokufa na bakapu tuliyoitegemea ikakataa kufunguka. Hakuna aliyekuwa amewahi kuijaribu.

Utaniambia kazi hiyo ni ya kozi fupi, si ya digrii. Hapo napinga. Kozi fupi hukufunza bidhaa ya kampuni moja. Msimamizi wa mifumo anaweza kusoma barua pepe za kila mtu ofisini, kwa hivyo lazima aelewe Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lazima ajue hesabu ya foleni, ndipo aelewe kwa nini mtambo hulemewa. Oslo, nchini Norway, somo hili limewahi kufundishwa hadi kiwango cha uzamili, na mmoja wa wahadhiri wake alikuwa Mark Burgess, aliyeunda programu ya CFEngine mwaka 1993.

Sasa tuje Ukambani. Kitui kuna SEKU, pale Kwa Vonza, iliyopata hati ya chuo kikuu 2013. Makueni kuna Konza, ekari 5,000 za Malili, penye kituo cha kitaifa cha data. Daktari hafuzu bila kuingia wodini. Wodi ya fani hii ni kituo cha data, na tayari tunacho hapa jirani.

Digrii ninayoitaka iko hivi. Mwaka wa pili, wanafunzi waendeshe barua pepe na tovuti za chuo chao kwa zamu, mhadhiri akiwa nyuma yao. Mwaka wa tatu, waingie Konza kwa uanagenzi wa miezi, si ziara ya siku moja ya kupiga selfi. Mtihani wa mwisho? Mhadhiri aangushe seva ya majaribio saa nane usiku. Uiinue, halafu uandike ripoti ambayo hata karani ataielewa.

Mzazi wa Mwingi anauza ndengu kulipa karo. Mtoto wake akihitimu bila kuwahi kushika seva, kazi za Konza zitachukuliwa na wengine, na yeye atazisikia redioni tu.

Kwa hivyo wewe unayechagua kozi KUCCPS, usivutiwe na jina la digrii pekee. Uliza chuo swali moja: seva nitaishika mwaka wa ngapi?